Bawabu wa Tumbo

Neno bawabu limo katika Kiswahili tangu zamani na maana yake haina utata: ni mlinzi wa mlango, akaaye kizingitini akamjua aingiaye na atokaye. Limetoka katika Kiarabu, na huko lina kazi ya pili ambayo Kiswahili hakikuichukua. Matabibu wa lugha hiyo hulitumia kutajia tundu la chini la tumbo, pale ambapo chakula kilichokwisha kuvurugwa hupita kuingia utumboni. Misuli iliyolizunguka tundu hilo hufungua na kufunga kwa kipimo, ikapitisha kidogo na kuzuia kingi, mfano wa bawabu aijuaye kazi yake. Picha hiyo ilikuwapo kabla yao kwa Wayunani wa kale, ambao nao walikiita kiungo hicho mlinda lango.

Mwaka 1989 wanasayansi walipotafuta jina la bakteria akaaye jirani ya lango hilo, walirudi kwa Wayunani wakamwita Helicobacter pylori. Likifasiriwa neno kwa neno, ni kijiti cha msokoto cha mlinda lango. Kwa mkato, kijiti cha bawabu. Jina hilo latosha kueleza umbo lake, kwani amejisokota kama parafujo, na latosha kueleza makazi yake. Halielezi kama yeye ni mgeni, mpangaji au mwizi. Juu ya hilo wataalamu wamebishana kwa miongo kadhaa, na katika kubishana huko wamelazimika kuuliza upya kinga ya mwili ni kitu gani.

Mwenye vidonda vya tumbo hajifichi barazani. Kahawa ikipita, hutikisa kichwa. Pilipili ikiletwa, huisogeza kwa mwenziwe. Ramadhani ikikaribia, kila mtu humuuliza kama mwaka huu ataweza. Nasaha anazopewa ni zile zile walizopewa wazee wake: asikae na njaa, anywe maziwa, na juu ya yote apunguze mawazo. Asidhani msomaji kwamba huo ulikuwa ujinga wa barazani peke yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vitabu vya utabibu vilisema maneno hayo hayo kwa lugha ya kisomi zaidi. Vidonda, vilisema, huletwa na asidi iliyozidi, na asidi huzidishwa na wasiwasi na maisha ya haraka. Dawa za kupunguza asidi zilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa kwa wingi mno ulimwenguni. Mgonjwa alizimeza akapona, akaziacha akaugua, akazirudia. Ambaye hazikumfaa alipasuliwa, pengine akakatwa sehemu ya tumbo.

Kwamba viumbe hai waweza kuishi ndani ya asidi ile, halikuwa jambo la kufikirika. Kwa sababu hiyo, aliyewaona kwanza hakuaminiwa. Mwezi Juni 1979, katika hospitali moja ya mji wa Perth, magharibi ya Australia, tabibu wa kuchunguza tishu Robin Warren alitazama kwa hadubini kipande cha ngozi ya ndani ya tumbo la mgonjwa, akaona vijiti vilivyopinda vimejipanga juu yake. Alipoendelea kutazama vipande vya wagonjwa wengine, akagundua kwamba vijiti hivyo aghalabu huwapo pale ambapo ngozi imevimba na kuwaka. Mwaka 1981 akajiunga naye tabibu kijana, Barry Marshall, wakaanza kuwatafuta vijidudu hao kwa wagonjwa 100.

Kuwaona kulikuwa rahisi, kuwaotesha kukawa shida. Vipande vya wagonjwa zaidi ya 30 vilitiwa katika sahani za kuoteshea na hapakuota kitu, kwa kuwa desturi ya maabara ilikuwa kuzitupa sahani baada ya siku mbili. Ikaja sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982. Watu wakaenda mapumzikoni, sahani zikasahauliwa zikakaa siku tano. Waliporudi wakakuta bakteria wameota. Alikuwa kiumbe wa polepole, na hakuna aliyempa muda.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana, na yastahili. Marshall alitaka ithibati kwamba bakteria huyo ndiye anayeliumiza tumbo, wala si mpita njia aliyekuta tumbo limeshaumia. Wanyama aliowajaribu hawakumpa jibu. Mwaka 1984 akajichunguza tumbo lake, akahakikisha ni zima, kisha akanywa bilauri ya maji yaliyojaa bakteria hao. Baada ya siku chache hamu ya chakula ikamtoka, akawa anatapika alfajiri, na pumzi yake ikanuka hata watu wa nyumbani kwake wakamwambia. Takriban siku ya 10 akachunguzwa tena: ngozi ya tumbo ilikuwa imevimba, na vijiti vya msokoto vilikuwa juu yake. Kidonda chenyewe hakikupata, lakini mwanzo wa njia iendayo kwenye kidonda ulikuwa umeonekana.

Siri ya maisha yake ndani ya asidi nayo ikafumbuliwa. Bakteria huyo ana kimeng'enya kinachoivunja urea, ambayo haikosekani mwilini, na kuigeuza kuwa amonia. Amonia huiua makali asidi iliyo karibu, na hivyo kijidudu hutembea ndani ya wingu lake dogo la usalama mpaka akafika kwenye ute mzito ulioufunika ukuta wa tumbo. Huko, kwa mikia yake na kwa msokoto wake, huchimba kama parafujo ichimbavyo ubao, akatua mahali ambapo asidi haimfikii.

Polepole ulimwengu ukakubali. Mwaka 1994 wataalamu waliokutanishwa Marekani walishauri kwamba mgonjwa wa vidonda mwenye bakteria huyo apewe antibayotiki, na mwaka huo huo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likamweka katika daraja la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel. Maradhi yaliyowatesa watu kwa umri mzima yakawa ya kutibika kwa dawa za siku 10 au 14. Wako mabingwa waliotamka wazi kwamba bakteria huyo hana wema ila akiwa maiti, na kwamba kazi iliyobaki ni kumfuta katika uso wa dunia.

Aliyeinua mkono kuuliza hakuwa mgeni katika fani hiyo. Martin Blaser, tabibu na mtafiti wa Marekani, alikuwa miongoni mwa watu wa mbele katika kuufichua ubaya wa bakteria huyo. Kundi lake lilishiriki kuitambua protini iitwayo CagA, ambayo aina kali za bakteria huziingiza ndani ya seli za tumbo na ambayo imehusishwa na saratani. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye katika miaka ya 1990 alianza kusema kwamba huenda kuna hesabu iliyosahauliwa.

Hesabu yenyewe ilikuwa hii. Katika nchi tajiri bakteria wa bawabu alikuwa akitoweka hata kabla ya kupigwa vita. Maji safi, nyumba zenye watoto wachache, na antibiotiki zilizotolewa kwa maradhi mengine, vilikuwa vimekata njia yake ya kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Saratani ya tumbo ilipungua pamoja naye, nayo ni neema kubwa. Lakini katika nchi hizo hizo, na katika miongo hiyo hiyo, yaliongezeka maradhi mengine: asidi kupanda kooni, aina fulani ya saratani ya umio, na kwa watoto pumu na mizio. Je, vitu hivi vilipishana njiani tu, au kimoja kilimwachia mwenziwe nafasi?

Hata jogoo asipowika kutakucha, na mambo mawili kutokea pamoja si hoja kwamba moja limezaa jingine. Blaser alilijua hilo, akatafuta takwimu. Mwaka 2008 yeye na mwenzake Yu Chen walitangaza walichokiona walipopekua taarifa za siha za Wamarekani zaidi ya 7,000: watoto wa miaka 3 hadi 13 waliokuwa na bakteria huyo, uwezekano wao wa kuwa na pumu ulikuwa chini kwa asilimia 59 kuliko wasiokuwa naye. Ilikuwa dalili, haikuwa hukumu. Tafiti nyingine zilizofuata kwa wanadamu ama hazikuuona uhusiano huo ama ziliuona hafifu, na mjadala haujafungwa.

Jibu la namna jambo hilo lingeweza kutokea lilitafutwa kwa panya. Mwaka 2011 kundi la Anne Müller wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, lilieleza jaribio lake. Vitoto vya panya viliambukizwa bakteria wa bawabu vingali vichanga. Baadaye vikafikishiwa kitu cha kuvichokoza mapafu ili vipate pumu ya mzio. Vilivyoambukizwa utotoni vilisalimika. Walioambukizwa ukubwani hawakupata hifadhi kama hiyo. Watafiti wakatoa kwa panya waliosalimika aina moja ya seli za kinga, wakawatia nazo panya ambao hawakuwahi kumpata bakteria huyo, na hao nao wakasalimika. Walipoziondoa seli hizo, hifadhi ikatoweka.

Seli hizo huitwa seli T za kudhibiti, na hapa ndipo lugha inapodaiwa. Kiswahili kilifundishwa habari za kinga katika miaka ya msiba. Ugonjwa ulipoitwa UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, neno kinga liliingia katika kila nyumba, na pamoja nalo ikaingia picha ya askari. Chembe nyeupe za damu ni askari, vijidudu ni maadui, mwili ni ngome. Picha hiyo ilifaa kwa ajili ya msiba ule na iliokoa watu. Lakini ilifundisha nusu ya somo, maana askari ambaye hana wa kumwambia basi, akimaliza maadui huwageukia majirani.

Na Kiswahili chenyewe kilikuwa na onyo hilo mfukoni. Lugha hii ina kinga mbili. Iko kinga ambayo ni ngao, na iko kinga ambayo ni kipande cha ukuni kiwakacho, ile ambayo wahenga waliitaja waliposema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Asili zao huenda hazihusiani, lakini mwilini zimekutana. Pumu ni ngao iliyogeuka ukuni: vumbi lisilo na dhara limeingia kifuani, walinzi wakapigana nalo kama na jeshi, na njia za pumzi zikavimba kwa moto ambao hakuna adui aliyeuwasha. Seli za kudhibiti ndizo ziutenganishao ukuni na ukuni. Ni kazi iliyochelewa kuheshimiwa. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba zipo, na wengi hawakushawishika upesi; mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi juu ya subira hiyo ya mwili.

Sasa bakteria anaingiaje katika shauri hili? Kinga ina wapelelezi wake, seli zenye matawi ambazo huokota vipande vya kitu kigeni na kuvipeleka mbele ya seli T kama mashahidi. Mashahidi wakija na ghadhabu, vita hutangazwa. Wakija kwa utulivu, huzaliwa seli za kudhibiti. Kundi la Zurich lilionyesha kwamba bakteria wa bawabu huwazuia wapelelezi hao wasipevuke kwa ghadhabu. Hafanyi hivyo kwa ukarimu. Anajitafutia maisha, kwa maana kinga ikitulia yeye hukaa. Lakini utulivu alioutafuta kwa ajili yake huenea mpaka mapafuni, na mwenye nyumba hufaidika kwa kitu ambacho hakukinunua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; huyu alipewa jembe na mwili wenyewe, akalima kwa manufaa yake na shamba likawafaa wawili.

Siku za ugeni wake, tena, si mbili. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha chembe za urithi za bakteria hawa kutoka kwa watu wa mataifa mengi walieleza kwamba walitoka Afrika Mashariki ndani ya matumbo ya wanadamu takriban miaka 58,000 iliyopita, watu walipohama kwenda kuijaza dunia. Bakteria huyu hurithiwa zaidi ndani ya nyumba, aghalabu mtoto akiambukizwa na mama yake au ndugu zake, kama lugha irithiwavyo. Kwa hiyo nasaba zake zimefuata nasaba za watu, na uhamaji wa watu wa visiwa vya Pasifiki umesomwa katika bakteria wao kama usomwavyo katika maneno yao. Mwaka 2016 alipatikana hata katika tumbo la mtu aliyegandishwa na barafu milimani, mpakani mwa Austria na Italia, miaka 5,300 iliyopita.

Ukale, hata hivyo, haumfanyi mtu kuwa mwema, na kuishi pamoja muda mrefu si ushahidi wa mapenzi. Wengi wenye bakteria huyu huzeeka bila kumjua. Wachache wao hupata vidonda, na wachache zaidi saratani. Lakini wachache wa watu wengi ni wengi. Mwaka 2022 peke yake, watu zaidi ya 960,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, na sehemu kubwa ya saratani hiyo chanzo chake ni bakteria wa bawabu. Kuna visiwa vidogo, Matsu, vilivyo chini ya Taiwan, ambako saratani hiyo ilikuwa imekithiri. Tangu mwaka 2004 wakazi wake walipimwa na waliokutwa na bakteria wakatibiwa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba saratani mpya za tumbo zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Mwenye kuzungumza habari za faida ya bakteria na asiwasahau watu wa Matsu. Wao walikuwa wakizika.

Ndiyo maana hoja ya Blaser, ikisomwa kwa utulivu, haimwambii mgonjwa aache dawa. Mwenye kidonda kilichothibitishwa ana haki ya kupona, na dawa yake ipo. Swali lake ni la wasio wagonjwa, na zaidi ni la watoto. Blaser amewahi kuwaza kwamba huenda siku moja tabibu akampa mtoto bakteria huyu kwa makusudi, akaachiwa amfunze subira, kisha akaondolewa ukubwani kabla madhara yake hayajaiva. Müller na wenzake wamefuata njia nyingine, ya kujaribu kwa panya dondoo za bakteria, ili somo lipatikane bila mwalimu kuhamia nyumbani. Yote mawili bado ni matarajio. Kinachoonekana ndani yake ni kwamba wakati ni sehemu ya jibu: kiumbe yule yule aweza kuwa mlezi asubuhi na muuaji jioni.

Kwa Afrika swali hili lina uzito wa pekee. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watu 70 katika kila 100 barani humu wana bakteria wa bawabu, ilhali Uswisi, anakofanyia kazi Müller, ni 19. Yaliyotokea katika nchi tajiri bila mtu kuyapanga yanaweza kutokea hapa pia, maji na makazi yakizidi kuwa safi, na hakuna atakayeuombea uchafu ubaki. Lakini liko jambo ambalo si la lazima. Antibiotiki hununuliwa dukani bila cheti, zikamezwa siku tatu na kuachwa, kwa mafua, kwa homa, kwa tumbo lililouma usiku mmoja. Dozi ya namna hiyo haimponyi mwenye kidonda, na humfundisha bakteria kuishinda dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja bakteria wa bawabu asiyesikia dawa ya klarithromaisini kuwa miongoni mwa wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Pia hufagia wengine wengi wasiohesabiwa ambao kinga ya mtoto huenda ilikuwa inajifunza kwao.

Bawabu aliye kipofu ni hatari kwa nyumba, na asiyemfungulia mtu yeyote ni hatari vile vile, maana wenye nyumba watakufa njaa ndani. Mwenye kuujua uovu wa mgeni kwa ushahidi na amtoe, kwa dawa kamili, kwa siku zote alizoandikiwa. Mtoto ambaye leo hana homa wala maumivu, naye aachwe na wageni wake, mpaka ijulikane ni yupi kati yao aliyekuja na jembe.